Hebiasi kopasi: yuko wapi, na mmemshika kwa sheria gani?

Ukikaa Mkunguni jioni siku hizi, pale mbele ya Ngome, hukosi kulisikia neno hebiasi kopasi. Zamani lilikuwa la mawakili na watangazaji wa runinga, leo hata wazee wa bao wanalitupa katikati ya mchezo. Limeshika sana tangu 2024, vijana walipoanza kubebwa kule Nairobi na magari yasiyo na alama ya polisi, ingawa sisi wa Lamu habari za watu kuchukuliwa na wasijulikane walipo hatukuanza kuzisikia juzi. Shida ni kwamba kila mtu analitumia kivyake. Huyu anasema ni dhamana ya watu wakubwa, yule anasema ni karatasi ya kumtoa mtu jela, na kuna vois noti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp inadai eti ukishapewa hebiasi kopasi polisi hawakushiki tena maisha yako yote. Nikaona heri nilifungue hili jambo polepole, manake mtu wako akipotea usiku wa leo hutakuwa na akili ya kukaa kitako ukasoma.

Kwanza tutenganishe vitu ambavyo watu wanavichanganya. Kushikwa ni kushikwa tu, askari anakwambia nakukamata kwa sababu hii na hii, unapelekwa kituoni, jina lako linaandikwa kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo. Rumande ni pale umeshafika mbele ya hakimu na hakimu mwenyewe ndo amesema ukae ndani mpaka tarehe fulani. Dhamana, iwe ya polisi au ya korti, ni kuachiliwa urudi nyumbani huku kesi bado ipo, na unaahidi utakuja ukiitwa. Halafu kuna kubebwa, yaani mtu anachukuliwa na watu wasiojitambulisha, haingizwi kwenye OB yoyote, na kila kituo unachouliza wanakwambia hapa hayupo. Hebiasi kopasi haimo kwenye orodha hiyo, hiyo ni amri ya Mahakama Kuu inayomwambia aliyemshika mtu: mlete huyo mtu hapa mbele yangu, unieleze umemshika kwa sheria gani.

Basi. Ni maswali mawili, yuko wapi na kwa sheria gani. Ukiyashika hayo mawili mengine yote yanajipanga.

Angalia jambo ambalo jaji hakuuliza. Hakuuliza kama huyo mtu ameiba, hakuuliza kama ni gaidi, wala kama ni mtoto mzuri anayeswali safu ya mbele. Hapa ndipo watu wengi wanapotea njia. Wacha nitumie mfano wa kwetu, na binadamu si punda lakini utanielewa. Umeamka asubuhi punda wako hayupo, ukazunguka ukamkuta amefungwa uani kwa mtu. Huenda kweli punda wako alikula mboga za yule bwana, hilo mtalizungumza, pengine utalipa. Lakini la kwanza unalotaka ni kumuona punda mwenyewe, yu hai, hana kidonda, na ujue huyu bwana amepata wapi ruhusa ya kumfunga. Mambo ya mboga yana baraza lake. Ndo hebiasi kopasi hiyo, mambo ya hatia yana korti yake na siku yake. Kwa hivyo mtu akikwambia anayetafuta hebiasi kopasi anatetea wahalifu, mwambie mhalifu ambaye serikali ina ushahidi naye ndiye rahisi kuliko wote kumpeleka kortini.

Sasa ile sheria ya masaa 24, ambayo nayo imejaa maneno. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyeshikwa afikishwe kortini haraka iwezekanavyo na isizidi masaa 24. Kuna wazee watakwambia kesi kubwa kama mauaji polisi wana siku 14, na hawakuambii uongo, wanakumbuka Katiba ya zamani ilivokuwa. Hiyo ilikufa 2010. Leo ni masaa 24 kwa kesi yoyote, lakini kuna kipengele ambacho vois noti hazikitaji: kama hayo masaa yanaisha wakati korti imefungwa, basi muda unasogea mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Mtu akishikwa Ijumaa saa kumi jioni, masaa yake 24 yanaisha Jumamosi saa kumi, korti haipo, kwa hivyo polisi wana mpaka Jumatatu jioni. Na Jumatatu ikiwa Idi inasogea tena. Ndo maana Ijumaa jioni watu hushikwa kwa wingi, haya hayo ni maoni yangu lakini nani hajaliona.

Kifungu hicho hicho kinataka uambiwe sababu ya kushikwa kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe kunyamaza, uruhusiwe kuongea na wakili na mtu mwengine ambaye msaada wake unahitajika, na usilazimishwe kukiri. Siku ya kwanza kortini lazima litokee moja kati ya matatu, usomewe mashtaka, au uelezwe kwa nini bado unashikiliwa, au uende zako. Na hakuna mahali kilipoandikwa kwamba ni cha raia tu au cha mwenye kitambulisho. Kinasema mtu aliyeshikwa. Mvuvi aliyepotezea kitambulisho chake baharini ana haki hii, mgeni aliyekuja bila viza ana haki hii.

Kuna hili linawasumbua sana familia za huku kwetu. Wanaambiwa masaa 24, kisha wanaona kijana wao amekaa ndani mwezi mzima, wanasema basi Katiba ni maandishi tu. Tulia kidogo. Sheria ya kuzuia ugaidi ya 2012 inaruhusu polisi waende kwa hakimu na kumuomba mtu azuiliwe zaidi wakati uchunguzi unaendelea, na korti inaweza kukubali kwa vipindi ambavyo jumla yake haizidi siku 90. Tofauti ni kwamba ruhusa inatoka kortini. OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, hana siku 90 mfukoni mwake. Bado lazima yule mtu afikishwe kwa hakimu ndani ya masaa yale yale, hakimu amuone kwa macho, asikie sababu, na wakili wake apinge kama ana la kupinga. Kwa hivyo swali la kuuliza kituoni ni hili: kuna amri ya korti? Ya korti gani, nambari gani ya kesi? Ikiwepo, hebiasi kopasi haitakusaidia sana kwa sababu lile swali la kwa sheria gani lina jibu, hapo unachohitaji ni wakili wa kuipinga ile amri au kuomba dhamana. Ikiwa haipo, na masaa yamepita, hapo sasa tunaongea.

Hii kazi ni ya Mahakama Kuu, si ya hakimu. Kwa mtu wa Lamu maana yake ni Garsen au Malindi, na yeyote aliyesafiri njia hiyo anajua, boti mpaka jeti ya Mokowe, kisha basi na vizuizi vyake, kila kizuizi mnashushwa mnatoa vitambulisho. Bahati nzuri tangu Machi 2024 Idara ya Mahakama imesambaza nchi nzima mfumo wa kupeleka kesi kwa intaneti, hivyo wakili anaweza kuwasilisha ombi akiwa amekaa mtaani Langoni hapa Lamu na simu yake, na mara nyingi kesi inasikizwa kwa video. Si kwamba imekuwa rahisi, netiwaki ya visiwani tunaijua, lakini ile siku nzima ya barabarani imepungua.

Nani anaweza kupeleka? Hapa watu wanakata tamaa bure. Aliyeshikwa mwenyewe hawezi kwenda, yuko ndani, kwa hivyo Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu mwengine kwenda kwa niaba yake, iwe mama, mke, jirani, chama cha mawakili au shirika la haki. Kifungu hicho hicho kinasema korti isitoze ada ya kufungulia kesi ya haki, na isishikilie taratibu za makaratasi. Kanuni za 2013 zilizotengenezwa kutokana na kifungu hicho zinaruhusu hata barua ya kawaida au maneno ya mdomo, korti yenyewe ndo iyaandike. Wakili ni bora, sikatai, tena bora sana, lakini kukosa wakili si sababu ya kukaa nyumbani.

Kinachopelekwa kwa kawaida ni ombi lenye hati ya kiapo. Na hati ya kiapo nzuri ni ile yenye vitu vya kushikika. Mama akiandika "mwanangu amechukuliwa na serikali, namtaka", jaji atamhurumia lakini hana pa kuanzia. Mama huyo huyo akiandika kwamba mwanawe alichukuliwa siku fulani baada ya Isha, karibu na jeti, na wanaume wanne, wawili walikuwa na bunduki, mmoja alimuita kwa jina, walimpandisha kwenye boti ya rangi fulani, aliyeona ni muuza kahawa na yeye pia ameapa, alivaa shati la bluu na kikoi, simu yake ilizimwa saa tatu na dakika kumi, na kwamba asubuhi yake alikwenda kituoni akaripoti na akapewa nambari ya OB, hiyo ni kesi nyengine kabisa. Jaji akisoma hapo anajua amuite nani. Kwa kawaida anatoa amri OCS wa kituo, au mkuu wa makachero, au Inspekta Jenerali mwenyewe, amlete huyo mtu tarehe fulani, mara nyingi ni siku chache tu, au aje aeleze kwa kiapo kwa nini hamleti.

OB yenyewe niiseme kidogo, kwa sababu watu wanaidharau. Ni lile daftari kubwa la mezani, kila tukio linapewa nambari ya siku hiyo, kisha tarehe, mwezi na mwaka. Mtu anapoingizwa seli inaandikwa saa aliyoingia, anapotolewa inaandikwa. Ukienda kuripoti mtu amepotea usikubali kuambiwa "tumekusikia mama, nenda nyumbani". Omba nambari. Askari akikataa kuandika, andika wewe jina lake kama lipo kifuani, saa, na aliyekuwa nawe. Kukataa kwenyewe ni ushahidi.

Halafu jambo moja linalowashangaza wengi: hii amri si ya polisi peke yao. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, kifungu cha 389, inataja mtu aliyeshikiliwa na serikali au na mtu binafsi. Mtu binafsi! Mahakama Kuu mwaka 2015 ilishasema hospitali ya uzazi ya Pumwani ilivunja haki za kina mama wawili kwa kuwazuia eti mpaka walipe bili, na ingawa ile haikuwa hebiasi kopasi, wazo ni lile lile, deni halimpi mtu ruhusa ya kumfungia mwenzake mlango.

Na ukitaka kuona haya maswali mawili yakifanya kazi kwa ukamilifu wake, rudi London mwaka 1771. Kulikuwa na mtu anaitwa James Somerset, mtumwa aliyeletwa Uingereza na bwana wake kutoka Marekani. Akatoroka, akakamatwa, akafungwa minyororo ndani ya meli kwenye mto Thames, meli inangoja kwenda Jamaica akauzwe. Wazazi wake wa ubatizo, watu wa kawaida, wakaenda kortini kuomba hebiasi kopasi. Jaji akamwamuru nahodha amlete. Yuko wapi? Huyu hapa, nahodha akamleta. Umemshika kwa sheria gani? Nahodha akasema ni mtumwa wa fulani, amenipa nimbebe. Kesi ikavutana miezi, na Juni 1772 jaji Lord Mansfield akasema hakuna sheria ya Uingereza inayoruhusu mtu kushikwa hivyo, aachiliwe. Hakumaliza utumwa duniani, hata huku kwetu pwani utumwa kisheria ulikuja kuisha 1907, na makoloni ya Waingereza wenyewe yaliendelea nao miaka mingi. Lakini mtu mmoja alishuka melini.

Kwa nini basi maswali hayo hayo hayakuwasaidia watu wetu? Hapa ndo penye utamu wa jambo zima, na ndo ninachotaka mtu akielewe zaidi.

Anza na Ngome yetu. Leo watalii wanapiga picha, watoto wanakwenda maktaba, lakini kuanzia 1910 mpaka 1984 ile ilikuwa jela. Ng'ambo ya mkondo, kisiwani Manda, ambako leo unapandia ndege, Waingereza waliweka kambi ya mahabusu wa Mau Mau baada ya kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Walioletwa Manda walikuwa wale waliohesabiwa ni vichwa vya siasa, wametolewa bara, wametupwa kisiwani. Na ukipanda juu kidogo kufuata Mto Tana unafika Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa mpaka kufa, na wakubwa wakaanza kwa kusema eti wamekufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Sasa jiulize, kwa nini mke wa mtu aliyekuwa Manda asiende kuomba hebiasi kopasi? Swali la kwanza lilikuwa na jibu, serikali haikuficha, yuko Manda. Na swali la pili pia lilikuwa na jibu! Kwa sheria gani? Kwa kanuni za hali ya hatari, hii hapa saini ya Gavana. Jaji akishaonyeshwa karatasi hiyo mikono yake imefungwa.

Uhuru ukaja, na karatasi haikwenda mbali. Sheria ya kulinda usalama wa umma, na kanuni za 1966, zikamrudishia waziri uwezo wa kusaini mtu azuiliwe bila kesi. Jaramogi Oginga Odinga alizuiliwa 1969. Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa mwisho wa Desemba 1977, akatoka Desemba 1978, hakushtakiwa kosa lolote. Julai 1990 wakawekwa ndani Kenneth Matiba, Charles Rubia na Raila Odinga. Wote hao serikali haikukana kuwa inao, majina yalichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Kufuli ilikuwa kwenye swali la pili.

Katiba ya 2010 ikaja kuivunja kufuli hiyo. Kifungu cha 29 kikasema hakuna kuzuiliwa bila kesi, isipokuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa. Na Kifungu cha 25 kikataja haki nne tu ambazo hazipunguzwi kwa sababu yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikizwa kesi kwa haki, na hebiasi kopasi. Nne tu, katika haki zote zile. Hata uhuru wa kusema haumo, hata mali haimo. Waliokaa wakaandika hivyo walijua wanachokiandika, baadhi ya watu wa kizazi hicho walikuwa wamelala ndani.

Kwa hivyo leo karatasi ya waziri haipo. Unadhani aliyezoea kushika watu atafanya nini? Atahamia swali la kwanza. Yuko wapi? Hatuna. Hatumjui. Pengine ameenda Somalia mwenyewe. Na jaji hawezi kumlazimisha mtu alete asichokuwa nacho, hivyo ukimya unafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na saini.

Tuliliona hili mlangoni petu mapema. Mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007, vita vilipopamba moto Somalia, watu walikimbilia mpaka wa Kenya, wengine wakashikwa upande wa Kiunga. Human Rights Watch walihesabu watu wasiopungua 150, wa mataifa 18, wamo kina mama na watoto. Kundi la kutetea haki za Waislamu likapeleka maombi ya hebiasi kopasi Mahakama Kuu Nairobi. Wakati maombi yako kortini, Januari na Februari, ndege zikaruka usiku na watu hao mpaka Somalia, na wengi wao wakaishia jela za Ethiopia. Ukishavuka mpaka, amri ya jaji wa Nairobi inabaki karatasi. Mwezi huo huo wa Februari 2007 Mkenya mmoja alishikwa Mombasa akapelekwa Guantanamo, jela ya Wamarekani kule Kuba, akarudishwa nyumbani Desemba 2024, bila kushtakiwa hata siku moja. Mahakama ya juu ya Marekani ilikuwa imeshasema Juni 2008 kwamba waliozuiliwa Guantanamo wana haki ya hebiasi kopasi. Haki ilikuwepo, na miaka ilipita vile vile.

Ndo maana nasema mbio. Ombi la siku ya pili lina nguvu kuliko la wiki ya pili, kwa sababu jaji anaweza kutoa amri kwamba huyo mtu asihamishwe, na kuna maafisa wataogopa.

Wanaogopa kweli? Wengine. Agosti 19, 2024 mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili walibebwa Kitengela. Chama cha mawakili kikaenda Mahakama Kuu. Kaimu Inspekta Jenerali wakati huo, Gilbert Masengeli, akaitwa, hakuja, akaitwa tena, hakuja, ikawa mchezo, mpaka Jaji Lawrence Mugambi akamhukumu miezi sita jela kwa kudharau korti, Septemba 13. Wiki moja baadaye, Septemba 20, wale watatu wakaonekana, wameachwa usiku. Masengeli hakulala jela, alifika akaomba radhi na adhabu ikaondolewa, na mpaka leo watu wanabishana kama ule ni ushindi au ni mchezo wa kuigiza. Mimi nasema watu watatu wako kwao, mengine tubishane tukishanywa kahawa. Lakini sitakudanganya kwamba inafanya kazi kila mara. Mwisho wa 2024 tume ya taifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilisema imehesabu watu 82 waliobebwa tangu Juni, na 29 walikuwa bado hawajaonekana.

Kuna hofu nyengine nimeisikia kwa kina mama, na hii siicheki: ukienda kortini ukapiga kelele watamfanya vibaya. Sina dawa ya hofu hiyo, ila nachokiona ni kwamba waliombeba wanategemea zaidi jambo lisijulikane, na jina lililoandikwa kortini, kituoni, kwa IPOA wanaochunguza polisi, na kwa mashirika kama Haki Africa na MUHURI yaliyoko Mombasa, ni jina ambalo watu wengi wanalisubiri. Familia ndo inaamua, tusiwasukume.

Na ile vois noti ya kwamba hushikwi tena, futa. Jaji akikuachilia kwa hebiasi kopasi amesema tu kwamba kule kushikwa hakukuwa na sheria. Polisi wakipata ushahidi kesho wanakuja, wanajitambulisha, wanakwambia sababu, wanakuandika OB, na masaa 24 yanaanza upya. Vivyo hivyo jaji akipewa jibu linalotosha, kwamba mtu yupo rumande kwa amri halali, ombi linatupwa, na hapo familia isione imeshindwa, angalau sasa wanajua alipo na wanaweza kumpelekea nguo.

Ikiwa jibu ni lile la hatuna, hatumjui, usiache kulichukua. Litakuwa limeandikwa kwenye hati ya kiapo, lina jina la afisa, cheo chake, tarehe na saini. Kifungu cha 23 cha Katiba kinaruhusu korti kuamuru fidia, na jambo hili halifi kwa sababu mwaka umekwisha. Akitokea shahidi baadaye, au OB ya kituo chengine ikaonyesha jina, afisa huyo ana kiapo cha kueleza. Kwa hivyo omba kopi iliyopigwa muhuri wa korti, uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.